Mgeni Asiyealikwa Kwenye Wi-Fi: Utamjuaje?

"Intaneti yangu siku hizi nzito, nahisi jirani ananiibia Wi-Fi." Hilo ndilo lalamiko linaloongoza mezani kwetu, na mara nyingi jirani anasingiziwa. Uzito wa intaneti ni ushahidi dhaifu. Huenda simu ya mtu humo ndani inapakia picha za harusi, runinga imeachwa YouTube, au ruta za ghorofa nzima zinagombania chaneli moja. Tena aliyeingia kwa nia mbaya hana shida na bando lako. Anachotaka ni kukaa bila kuonekana.

Kampuni ya maduka ya TJX ya Marekani ililijua hilo kwa gharama kubwa. Wahalifu walipenya kupitia Wi-Fi ya madukani mwaka 2005, wakati huo maduka hayo yakitumia ulinzi wa WEP, ambao wataalamu walikwisha kuonyesha tangu 2001 kwamba unavunjika. Kampuni iligundua Desemba 2006. Kufikia hapo namba za kadi za benki zisizopungua milioni 45 zilikuwa zimeibwa, na wahalifu walikuwa wamekaa humo zaidi ya mwaka bila kuonekana.

Nyumbani, anza na ruta yenyewe. Fungua kivinjari, andika 192.168.0.1 au 192.168.1.1 (namba ya ruta yako kwa kawaida imebandikwa chini yake), ingia, kisha tafuta orodha ya vifaa vilivyounganishwa. Usikimbilie kushuku. Zima Wi-Fi ya kifaa kimoja kimoja unachokijua, uangalie ni mstari upi unapotea. Kamera ya getini, printa na runinga husahaulika sana, na ndizo zenye majina ya ajabu ajabu yanayowatia watu hofu.

Kila mstari una anwani ya MAC, jozi sita za tarakimu na herufi, mfano 9E:41:7C:02:D8:5B. Zamani jozi tatu za mwanzo zilikuambia kifaa kimetengenezwa na nani. Siku hizi simu hujitungia anwani ili zisifuatiliwe: iPhone tangu iOS 14 ya mwaka 2020, na nyingi za Android tangu toleo la 10. Tazama herufi au tarakimu ya pili ya anwani. Ikiwa ni 2, 6, A au E, kama hiyo E kwenye mfano wetu, anwani hiyo ni ya kutungwa, na huenda ni simu ya mwanao tu. Kwa sababu hiyohiyo sioni faida ya kuzuia anwani mojamoja, ingawa mafundi wengi bado wanashauri hivyo. Anayejua kazi yake hubadilisha anwani kwa dakika moja.

Na ukweli ni kwamba "wavamizi" wengi wa majumbani walipewa nywila kwa mkono: mpangaji aliyehama, fundi aliyekuja kufunga kamera, rafiki wa mtoto. Badilisha nywila, umpe kila anayestahili upya. Ukishabadilisha na kifaa kigeni kikarudi, zima WPS. Huo ni utaratibu wa kuunganisha kifaa kwa PIN ya tarakimu nane, na mwishoni mwa 2011 mtafiti Stefan Viehböck alionyesha kasoro yake. Ruta huijibu PIN kwa vipande viwili, na tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile zilizotangulia. Kwa hiyo badala ya kubahatisha mara milioni 100, mtu anahitaji majaribio 11,000 tu.

Hadi hapo tumemtafuta aliyekwisha ingia. Anayejaribu kuingia hayumo kwenye orodha, ila hewani anasikika. Mitandao mingi ya WPA2, ulinzi uliozoeleka kwenye Wi-Fi za nywila, huvamiwa hivi: mvamizi hutuma ujumbe wa kukata mawasiliano akijifanya ndiye ruta. Simu yako inakatika, inajiunga tena yenyewe, naye ananasa salamu za kutambuana kati ya simu na ruta. Kisha anaondoka zake na kukaa kwenye kompyuta yake akibahatisha nywila kwa raha, bila kukugusa tena. Unachokiona wewe ni vifaa vyote kukatika kwa pamoja sekunde chache na kurudi, pengine mara kadhaa, ilhali umeme upo. Ikitokea mara moja huenda ni hitilafu. Ikijirudia, kuna jambo. Dawa yake ipo tangu 2009: ulinzi uitwao PMF, unaoifanya simu ipuuze ujumbe bandia wa kukata mawasiliano, ambao WPA3, mrithi wa WPA2, imeufanya wa lazima. Kwenye ruta nyingi za WPA2 upo pia, ila umezimwa.

Hila nyingine ni ruta pacha. Mtu anakaa mgahawani na kifaa chake, anakipa jina lilelile la Wi-Fi ya pale, na simu za wateja zinakimbilia penye mawimbi makali zaidi. Jina hunakiliwa kirahisi, hata anwani ya MAC, lakini mahali mtu alipokaa hapanakiliki. Ruta ikiwa mapokezi, ukisimama kando yake programu ya kupima Wi-Fi itasoma kama -40 dBm (kipimo cha nguvu ya mawimbi; kadiri namba inavyokaribia sifuri ndivyo yalivyo makali), na ukifika getini itashuka kuelekea -75. Ukiwa getini ukaona jina hilohilo linasoma -38, basi kuna ruta nyingine karibu nawe. Angalizo moja: ruta moja ya masafa ya 2.4 na 5 GHz huonekana kama mitandao miwili, kwa hiyo jua kwanza za kwako ni ngapi.

Mifumo ya kugundua wavamizi maofisini hufanya kazi hiyohiyo mfululizo. Kismet, programu ya bure, husikiliza tu bila kutuma chochote. Mbali na nguvu ya mawimbi, mifumo hii huangalia namba za mfuatano. Kila fremu ya Wi-Fi, yaani kifurushi kidogo cha data, hubeba namba inayopanda kutoka 0 hadi 4095 kisha huanza upya. Anwani moja ikitoa 812, 813, halafu 3090, halafu 814, hapo kuna uwezekano mkubwa kwamba vifaa viwili vinatumia anwani moja. Hata hivyo maofisini tunachokikuta mara nyingi si mdukuzi. Ni ruta ya bei chee ambayo mfanyakazi ameichomeka chini ya meza ili apate mawimbi mazuri, bila nywila ya maana, na hivyo kufungua mlango wa nyuma wa taasisi nzima.

Mifumo hiyo pia ina uwezo wa kumkata anayeshukiwa, na hapo ndipo naomba tahadhari. Mwaka 2014 Marriott ililipa dola 600,000 kwa mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, kwa sababu hoteli yake moja mjini Nashville ilitumia mfumo wa aina hii kukata Wi-Fi ambazo wageni walizianzisha kwa vifaa vyao wenyewe. Huku kwetu, Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 nchini Tanzania, na ya 2018 nchini Kenya, zinakataza kuingia au kuvuruga mifumo ya watu, na "alianza yeye" si utetezi.

Ukiwa na ushahidi, toa taarifa polisi, na taasisi zinaweza kuwasiliana na timu za kushughulikia matukio ya usalama wa mtandao: TZ-CERT ya Tanzania, iliyo chini ya mamlaka ya mawasiliano TCRA, au KE-CIRT kwa walio Kenya. Ila kabla ya kuchomoa ruta kwa hasira, piga picha orodha ya vifaa na ukurasa wa kumbukumbu, saa ikionekana. Ruta nyingi za nyumbani zikizimwa hufuta kumbukumbu hizo.