Je, wajua kwa nini Wakorea hupika songpyeon juu ya majani ya msonobari?

Ukiingia jikoni kwa familia ya Kikorea jioni ya kuamkia Chuseok, sikukuu yao ya mavuno, utakuta sufuria ya mvuke imetandikwa majani mabichi ya msonobari. Juu yake zimepangwa songpyeon, keki ndogo za unga wa mchele zenye umbo la nusu mwezi. Majani hayo hayaliwi. Kazi yake ya kwanza ni kuzuia keki zisigandane, maana unga wa mchele ukiiva kwa mvuke hunata vibaya sana. Pia huacha nafasi ya mvuke kupita chini ya kila keki. Halafu yana mafuta yanayotoa harufu nzuri na kupunguza kasi ya vijidudu vinavyoharibu chakula. Zamani za kabla ya friji hilo lilikuwa jambo kubwa, kwa kuwa Septemba ya Korea bado ina joto.

Chuseok huangukia siku ya 15 ya mwezi wa 8 kwa kalenda ya mwezi, mwezi ukiwa mpevu. Tofauti na Idd, haizunguki misimu yote, kwa sababu kalenda hiyo huongezewa mwezi mmoja kila baada ya miaka miwili au mitatu ili isiachane na jua. Mwaka 2024 ilikuwa Septemba 17, mwaka 2025 Oktoba 6, na mwaka 2026 ni Septemba 25. Inapowahi, mpunga mwingi bado uko shambani. Ndiyo maana songpyeon za jadi zilitengenezwa kwa mpunga wa mapema, na zikaitwa oryeo-songpyeon.

Mchele unaotumika ni wa punje fupi wa kila siku, si ule wa kunata. Hulowekwa saa nane au zaidi, ukachujwa nusu saa, kisha ukasagwa mashineni ungali na unyevu, pamoja na chumvi. Kwa nusu kilo ya unga huo weka maji yanayochemka mililita 130 hadi 170, kidogo kidogo. Maji baridi hayafai. Mchele hauna gluteni, ile inayoufanya unga wa ngano uvutike. Kinachoshikanisha hapa ni wanga wenyewe, nao haushikani mpaka upate moto. Kanda dakika kumi mpaka donge liwe laini kama ndewe ya sikio, ulifunike kwa kitambaa kibichi kwa nusu saa. Anayetumia unga mkavu wa dukani atahitaji maji mengi zaidi, na wengi hushindwa hapo hapo kwa kufuata kipimo cha unga mbichi.

Ndani hutiwa ufuta uliokaangwa na kutwangwa nusunusu, uliochanganywa na sukari au asali na chembe za chumvi. Wengine hupenda choroko au maharage. Chukua donge la gramu 20, lifinyange duara, litoboe kwa kidole gumba, tia kijiko cha chai cha ufuta, kisha ziba. Usiharakishe kuipeleka jikoni: ibinye mara mbili tatu ndani ya kiganja ili hewa itoke. Hewa iliyobaki ndani hutanuka kwenye mvuke, keki ikapasuka na sukari yote ikamwagikia majani. Kingo zikikauka nazo hupasuka, kwa hiyo zile zinazosubiri zamu hufunikwa.

Hupikwa dakika 20 juu ya maji yanayochemka kwelikweli. Zikitoka, huoshwa haraka kwa maji baridi, majani yakaondolewa, zikapakwa mafuta ya ufuta. Wakorea husema anayefinyanga songpyeon nzuri atazaa binti mrembo, kwa hiyo utani mezani haukosekani.

Majani nayo yana masharti. Hukatwa vitako vyenye utomvu, maana utomvu ni mchungu, kisha huoshwa mara kadhaa. Na si ya kuchuma popote. Ugonjwa wa kunyausha misonobari uligunduliwa Busan mwaka 1988, na tangu hapo miti mingi huchomwa sindano za dawa. Majani ya miti hiyo ni hatari kwa chakula. Kununua sokoni ni salama zaidi.

Asubuhi ya sikukuu songpyeon huwekwa kwenye meza ya charye, ibada ya kuwakumbuka mababu, zikishika nafasi ya wali. Matunda mekundu hukaa mashariki na meupe magharibi. Usitafute dira: upande walipo mababu ndio huhesabiwa kaskazini, hata kama dira inasema vingine. Pichi, pilipili na kitunguu saumu hazikanyagi meza hiyo, kwani inaaminika hufukuza roho. Mwaka 2022 Sungkyunkwan, taasisi inayofuata mafundisho ya Konfusio, mwanafalsafa wa kale wa China, na inayoheshimika kwa mambo ya ibada, ilitangaza kuwa vyakula tisa hivi vinatosha na vya kukaangwa si lazima. Kwa mabinti na wakamwana waliokuwa wakishinda kutwa mbele ya kikaango, ushauri huo ulichelewa mno.

Baada ya hapo familia huenda makaburini, ambako nyasi zilishafyekwa wiki kadhaa kabla.

Kuhusu songpyeon zitakazobaki, usizitie kwenye friji ya kawaida. Baridi isiyogandisha ndiyo hukaza wanga wa mchele haraka kuliko kitu kingine, na kesho yake utakuta kokoto. Zigandishe siku hiyo hiyo zikishapoa, na ukizitaka zirudishe kwenye mvuke moja kwa moja, bila kuziyeyusha kwanza.