Paralaksi katika darubini ya bunduki: maana yake kwa mlenga shabaha

Paralaksi ni hali ya msalaba wa kulengea kuonekana ukihama juu ya shabaha pale mlengaji anaposogeza jicho, ilhali bunduki yenyewe haijatikisika. Nyoosha mkono, simamisha kidole gumba mbele ya mti ulio mbali, kisha fumba jicho moja na baadaye la pili: kidole kitaonekana kikiruka toka upande mmoja wa mti hadi mwingine, kwa kuwa viwili hivyo haviko katika umbali mmoja. Ndani ya darubini hutokea jambo lilelile. Lenzi ya mbele hujenga taswira ya shabaha ndani ya bomba, na taswira hiyo isipoangukia palepale ulipo msalaba, jicho likienda kando msalaba nao huonekana kupotoka.

Darubini zisizorekebishika hupangwa kiwandani kwa umbali mmoja, mara nyingi yadi 100. Chukua yenye lenzi ya mbele ya milimita 40 iliyopangwa kwa mita 100: ukilenga mita 50 huku jicho likiwa ukingoni kabisa, kosa hufikia milimita 10, na kwa mita 200 hufikia milimita 20. Mwindaji hana haja ya kuhangaika na kiasi hicho. Kwa mlenga shabaha ni kikubwa mno, kwani duara la alama 10 kwenye shabaha ya bunduki ya mita 50 lina kipenyo cha milimita 10.4 tu (mashindano ya Olimpiki ya umbali huo hayaruhusu darubini, lakini duara hilo ni kipimo kizuri), na risasi ya .22 (yenye kipenyo cha milimita 5.6 hivi) iliyokosea kwa milimita 10 kutoka katikati haitagusa hata ukingo wake.

Ndiyo maana, kwa maoni yangu, anayechagua darubini ya shabaha aulize kwanza kama paralaksi yake inarekebishika, na kuanzia umbali gani, kabla ya kuuliza inakuza mara ngapi. Ukuzaji hauondoi kosa hili. Marekebisho huwa kwenye pete ya lenzi ya mbele au kwenye kirekebishi cha pembeni, ambacho hufikika bila kuvunja mkao wa kulenga.

Kwanza rekebisha lenzi ya upande wa jicho mpaka msalaba uonekane mkali dhidi ya ukuta mweupe. Kisha, bunduki ikiwa tupu na imelazwa imara juu ya mifuko ya mchanga, elekeza msalaba kwenye shabaha, usiiguse bunduki, na usogeze kichwa polepole juu, chini na pembeni. Msalaba ukitembea, zungusha kirekebishi kidogo na urudie mpaka utulie. Namba za umbali zilizochorwa juu ya kirekebishi ni za kuanzia tu: msalaba ukitulia kati ya 100 na 150 ilhali shabaha iko mita 100, acha kirekebishi hapo ulipotulia.