Ufafanuzi: Kidonge cha tetrasaiklini hakiponyi mdondo

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unadai kuku mwenye kinyesi cha kijani na shingo iliyopinda atapona akinyweshwa tetrasaiklini na maji ya pilipili. Si kweli. Dalili hizo zikionekana pamoja, hasa kuku wengi wakifa kwa siku chache, shuku mdondo, au kideri. Mdondo husababishwa na virusi. Tetrasaiklini hupambana na bakteria. Pilipili nayo haiui virusi hivyo.

Mkanganyiko unaeleweka. Kinyesi cha kijani hutokea pia kwenye homa ya matumbo ya kuku, ambayo ni ya bakteria, na hata kuku asiyekula siku mbili huweza kukitoa. Tena wapo kuku wanaonusurika mdondo kwa nguvu zao wenyewe, kisha dawa ikasifiwa. Kwa uhakika, muulize mtaalamu wa mifugo. Sampuli hupimwa maabara.

Mdondo hauna tiba, una chanjo: ya I-2 hudondoshwa jichoni, tone moja, kila baada ya miezi mitatu, kuku wakiwa wazima. Mgonjwa mtenge, mzoga uzike, na tafadhali usimkimbize sokoni. Ujumbe huo ukikufikia, usiusambaze. Mwelekeze aliyeutuma kwenye chanjo.