Mkusanyo wa nyaraka za misitu si rafu ya vitabu vya misitu

Neno "nyaraka" siku hizi limegeuka jamvi la wageni, kila apitaye hulikalia. Mtu akiwa na picha chache za wakata magogo wa zamani, vitabu viwili vitatu na ramani aliyoipakua, anatangaza kwamba ana mkusanyo wa nyaraka za historia ya misitu. Mwingine anaingia kwenye jumba la nyaraka, anauliza rafu ya misitu iko wapi, na akiambiwa hakuna rafu kama hiyo anatoka akilalamika kwamba jumba zima halina kitu. Wote wawili wamejikwaa kwenye kisiki kimoja.

Ufafanuzi ni mfupi. Mkusanyo wa nyaraka ni karatasi, ramani, picha na mafaili yaliyozaliwa na kazi ya ofisi, chama, kampuni, familia au mtu mmoja, kisha yakabakizwa kwa kuwa yana thamani hata baada ya kazi yenyewe kwisha. Bwana misitu aliyejaza kibali cha malisho hakuwa akiandika historia. Alikuwa akimruhusu mfugaji kuingiza kondoo msituni. Ripoti ya moto iliandikwa ili mkubwa wake ajue nini kimeungua na nani alipwe. Kitabu huandikwa ili watu wasome, waraka wa ofisi huandikwa ili kazi iende. Maana ndiyo hiyo, na sina haja ya kukaa hapo.

Kinachochosha ni dhana kwamba nyaraka hupangwa kwa mada. Hazipangwi hivyo. Hupangwa kwa chimbuko: nani alizitoa, na alipozitoa alikuwa akifanya kazi gani. Ukizigawa kwa mada, barua hubaki huku, jibu lake likaenda kule, na ramani iliyoambatanishwa ikawa yatima. Wafaransa waliliona hilo mapema. Tarehe 24 Aprili 1841 Wizara yao ya Mambo ya Ndani ilitoa waraka ulioandaliwa na mtunza nyaraka Natalis de Wailly, ukiagiza kwamba katika majumba ya nyaraka ya mikoani karatasi zote za taasisi moja, familia moja au mtu mmoja zikae fungu moja, zisichanganywe na za mwingine. Mwaka 1881 Prussia, dola ya Kijerumani, ikaongeza sharti la pili: hata ndani ya fungu, uache mpangilio ambao ofisi yenyewe ilikuwa ikiutumia. Usiupange upya kwa sababu tu wako unapendeza zaidi.

Kanuni hiyo humtatiza mgeni, na misitu ya Ufaransa yenyewe ni ushahidi. Kwa amri ya mwaka 1669, enzi za Louis XIV na waziri wake Colbert, misitu ya mfalme ilisimamiwa na ofisi zilizoitwa maîtrises des eaux et forêts. Ofisi hizo zilipima misitu na kutia alama miti ya kuuzwa, lakini pia zilihukumu. Mwizi wa kuni alishtakiwa hapo hapo. Kwa kuwa zilikuwa mahakama, karatasi zake nyingi katika majumba ya mikoa leo zimo kwenye mfululizo wa B, ule wa mahakama za utawala wa kale, yaani wa kabla ya Mapinduzi ya 1789. Anayetafuta miti anaikuta kwa mahakimu. Mimi sioni kuwa huo ni usumbufu. Mpangilio wenyewe umekwisha kukufundisha jambo kabla hujafungua faili: msitu ule ulitawaliwa kwa kesi na faini.

Marekani mambo ni ya juzi zaidi, ila fundo ni lile lile. Sheria ya 1891 ilimpa rais uwezo wa kutenga misitu katika ardhi ya umma, na ya 1897 ikaeleza itunzwe kwa madhumuni gani. Misitu hiyo iliangukia Wizara ya Mambo ya Ndani (ambayo kule hushughulika na ardhi, si polisi), chini ya Ofisi Kuu ya Ardhi. Wakati huohuo wataalamu, akina Gifford Pinchot, walikuwa Wizara ya Kilimo. Wizara moja ilikuwa na misitu bila mabwana misitu, nyingine ilikuwa na mabwana misitu bila misitu. Februari 1905 Bunge likaihamishia misitu Kilimo, na mwaka huo ikazaliwa Idara ya Misitu, Pinchot akiwa mkuu wake wa kwanza.

Ndiyo maana Nyaraka za Taifa za Marekani, taasisi iliyoanzishwa 1934, hazina kundi (yaani fungu kubwa la kumbukumbu za ofisi moja) liitwalo "misitu". Zina Kundi la 49, ambamo mna kumbukumbu za Ofisi Kuu ya Ardhi, na Kundi la 95, la Idara ya Misitu. Mwaka 1905 ndio mpaka, japo si ukuta, kwa sababu faili ambalo bado linafanyiwa kazi huweza kuhama pamoja na kazi yake.

Chukua milima ya Olympic, jimbo la Washington. Msitu wake ulitengwa 1897, chini ya Ofisi Kuu ya Ardhi. Mwaka 1905 ukahamia Idara ya Misitu. Mwaka 1909 sehemu ya katikati ikatangazwa kuwa "national monument", yaani eneo la kumbukumbu ya taifa linalolindwa, ikabaki mikononi mwa idara hiyohiyo hadi 1933, ilipopewa Idara ya Hifadhi za Taifa. 1938 ikawa Hifadhi ya Taifa ya Olympic. Hifadhi za Taifa nazo zina kundi lao, la 79. Mti mmoja uliosimama palepale miaka yote hiyo, usiojua lolote kuhusu wizara, unaweza kuwa na habari zake katika makundi matatu. Anayesema "nimetafuta kwenye nyaraka za misitu nikakosa" huenda alifungua Kundi la 95 akitafuta mwaka 1899. Wala makundi hayo hayakai jengo moja. Idara ya Misitu iligawanya madaraka yake mikoani tangu 1908, kwa hiyo mafaili ya uuzaji wa miti ya Oregon uyatafute Seattle kwanza, si mji mkuu.

Sasa nije kwenye tofauti inayopuuzwa kuliko zote, kati ya mkusanyo uliojikusanya na ule uliokusanywa. Chama cha Forest History Society, kilichoanzishwa Minnesota 1946 na sasa kiko Durham, North Carolina, kinatunza kumbukumbu za vyama kama American Forestry Association na Society of American Foresters. Hizo zilijikusanya: kumbukumbu za vikao, barua, mabishano ya viongozi, yote yaliyotokana na chama kuendesha shughuli zake. Lakini chini ya paa hilohilo kuna mkusanyo wa historia wa makao makuu ya Idara ya Misitu, na huo ulijengwa kwa makusudi na idara yenyewe: vipande vya magazeti, wasifu wa watumishi, vijitabu, picha. Huo, ndiyo, una mafaili ya mada. Kwa anayeanza ni mlango mzuri kweli, na siudharau.

Ila usiusome kama faili la ofisi. Katika mkusanyo uliochaguliwa, kukosekana kwa kitu hakuthibitishi chochote. Pengine mkusanyaji hakukiona, au hakukipenda. Katika faili la ofisi lenye karatasi zilizopewa namba, ukiona ya 14 ikifuatwa na ya 16, pengo hilo ni habari. Ukiiuliza mikusanyo yote miwili swali moja ukaiamini sawasawa, utaandika mambo ya ajabu.

Karatasi za mtu binafsi nazo zina nyumba yake. Za Pinchot ziko Maktaba ya Bunge, katika mji mkuu Washington, kwa sababu ni zake. Humo habari za misitu zimelala ubavuni mwa siasa za Pennsylvania, ambako alikuja kuwa gavana mara mbili, miaka kadhaa baada ya Rais Taft kumfukuza kazi Januari 1910. Alichokitia saini akiwa mkuu wa idara kitafute kwanza Kundi la 95. Alichojiandikia usiku kwenye shajara kiko Maktaba.

Na tuache kusema "nyaraka zote za misitu". Nyaraka za Taifa zenyewe hueleza kwamba ni kati ya asilimia 1 na 3 tu ya kumbukumbu za serikali kuu ya Marekani zinazobakizwa milele. Zilizobaki huteketezwa kwa ratiba, kihalali.

Basi, kwa upole: picha na vijitabu ulivyovikusanya wewe viite mkusanyo wa picha, au maktaba ndogo. Si aibu. Andika tu kila kimoja kilitoka wapi, yaani kundi, mfululizo, kasha na faili, ili mwingine aweze kukirudia. Na ukifika mezani kwa mtunza nyaraka, mtajie msitu upi, mwaka gani, na nani alikuwa akiusimamia mwaka huo. Kama hilo la mwisho hulijui, mwambie hulijui. Mwongozo atakaokupa huanza kwa kurasa kadhaa za historia ya ofisi, zile ambazo watu huziruka ili wafike kwenye orodha ya makasha. Anza nazo.