Kufuatilia vifaa vya mtandao kwa Linux: yanayosemwa na yaliyo kweli

“Kifaa kikiitika pingi, ni kizima.”
Pingi inathibitisha jambo moja tu: pakiti imefika na kurudi. Swichi huweza kuitika vizuri huku mlango mmoja wenye kebo mbovu ukitupa fremu kwa maelfu. Hayo utayaona ukisoma ifInErrors, kihesabu cha pakiti mbovu zilizoingia mlangoni, kwa SNMP, itifaki ya kuviuliza vifaa vya mtandao hali zao.

“Ukishasakinisha snmpd, kazi imekwisha.”
snmpd ni programu ya Linux inayojibu maswali ya SNMP, na wengi hukwama hapa. Kwenye Debian na Ubuntu, faili la `/etc/snmp/snmpd.conf` huja na `agentaddress 127.0.0.1,[::1]`, yaani snmpd inajibu mashine yake yenyewe tu. Andika `agentaddress udp:161`, ruhusu UDP 161 kwa anwani ya seva ya ufuatiliaji pekee, kisha `systemctl restart snmpd`. Hata hapo grafu za milango zitabaki tupu, kwa sababu mstari wa rocommunity, unaotaja neno la siri la kusoma, umebanwa na `-V systemonly`, inayoonyesha taarifa chache za mfumo tu. Ongeza matawi ya taarifa za milango:

`view systemonly included .1.3.6.1.2.1.2`
`view systemonly included .1.3.6.1.2.1.31`

“Timeout maana yake ukuta wa moto.”
Si lazima. Neno la siri la v2c (toleo la pili la SNMP) likikosewa, snmpd hunyamaza vilevile. Kwenye mashine inayofuatiliwa endesha `tcpdump -ni any udp port 161`, inayoonyesha pakiti zinazopita. Pakiti zisipoingia, tatizo liko njiani. Zikiingia bila jibu, kagua neno la siri, agentaddress na ukuta wa moto wa mashine hiyo hiyo, maana tcpdump huziona pakiti kabla ukuta haujazizuia.

“Ukisoma kila dakika 5, grafu haidanganyi.”
Inadanganya, tena bila haya. Kihesabu cha ifInOctets, cha baiti zilizoingia mlangoni, kina biti 32: kikifika baiti 4,294,967,296 kinaanza upya. Laini ya Gb 1 kwa sekunde ikijaa, hilo hutokea kila sekunde 34 hivi, na programu haina namna ya kujua kimezunguka mara ngapi. Matokeo yake grafu inaonyesha laini imetulia wakati watumiaji wanalalamika. Kwa Mb 100 mzunguko huchukua sekunde 343, ndiyo maana swichi za zamani hazikuwa na shida hii. Soma ifHCInOctets (`.1.3.6.1.2.1.31.1.1.1.6`), yenye biti 64, kwa v2c au v3. SNMP v1 haina namba za aina hiyo.

“Kubadilisha ‘public’ kunatosha.”
‘Public’ ni neno la siri linalokuja na snmpd, lakini neno lolote la v2c husafiri wazi. Tcpdump ile ile italisoma. Tumia v3 kwa authPriv (kuthibitisha mtumiaji na kusimba data), nywila zisipungue herufi 8. Zima snmpd kwanza, ndipo uongeze mstari wa createUser, unaounda mtumiaji wa v3, kwenye `/var/lib/snmp/snmpd.conf`. Ukiiacha ikifanya kazi, wakati wa kuzimwa italiandika faili hilo upya na mstari wako utapotea.