Kuandika API jukwaani: ukumbi unafuata jibu, haufuati vidole vyako

Mara ya kwanza nilipopanda jukwaani kuandika API (njia ya programu moja kuiomba nyingine huduma) mubashara, nilichapa dakika kumi na mbili mfululizo. Ukumbi ulikuwa kimya, nami nikadhani wamezama. Niliposhuka, jamaa mmoja akaniuliza kwa upole: "Sasa hiyo API inafanya nini hasa?"

Tangu siku hiyo nimegeuza mpangilio. API ni mazungumzo: huyu anaomba, yule anajibu. Kwa hiyo kinachotangulia kwenye skrini ni ombi la curl (programu ndogo ya kutuma maombi kwa kuandika amri) na jibu lake, kabla sijafungua faili lolote la kodi, yaani maandishi ya programu. Naita anwani ya /oda, ambayo bado haipo, seva inanijibu 404, yaani haipatikani. Naandika mistari michache, naita tena: 201, yaani imeundwa, pamoja na kichwa cha Location (mstari wa maelezo unaotangulia jibu) kinachosema oda mpya inapatikana wapi. Aliyekaa safu ya nyuma kabisa hasomi mabano yangu, lakini namba ikibadilika anaiona.

Muda mwingi nautumia kwenye tatizo moja tu: oda inayotumwa mara mbili. Simu ya mteja inatuma ombi, seva inaandika oda, mtandao unakatika kabla jibu halijafika. Simu haijui oda imeingia au la, basi inatuma tena. Kwa kanuni za HTTP, lugha ya maombi ya wavuti, zilizomo kwenye waraka wa RFC 9110 wa mwaka 2022, maombi ya PUT (kuweka) na DELETE (kufuta) hata ukiyarudia, athari iliyokusudiwa kwenye seva ni ileile. POST, ninayoitumia kutuma oda, haina ahadi hiyo. Narudia curl ileile, naorodhesha oda, zipo mbili. Hapo ndipo watu wanaweka simu zao chini.

Dawa inayofahamika ni mteja kutunga ufunguo wa pekee na kuutuma kwenye kichwa cha Idempotency-Key, kama Stripe, kampuni ya malipo ya mtandaoni, wanavyofanya. Seva inatunza ufunguo pamoja na jibu. Ufunguo uleule ukirudi, inarudisha jibu la kwanza bila kuandika oda nyingine. Naandika toleo ambalo karibu kila mtu angeliandika: angalia kama ufunguo upo, kama haupo, andika. Najaribu, linafanya kazi, watu wanaitikia kwa vichwa.

Kisha natuma maombi mawili kwa mpigo, la kwanza likiishia na alama ya & ili la pili lisilisubiri. Yote mawili yanauliza, yote yanaambiwa "haupo", yote yanaandika. Zile oda mbili zimerudi.

Tahadhari kwa atakayejaribu: mwanya huo ni wa milisekunde chache, unaweza kurudia mara tano mbele ya watu usiupate. Mimi naweka usingizi (amri ya kuisimamisha programu kidogo) wa nusu sekunde kati ya kuangalia na kuandika, na nawaambia wazi kwamba nimeuweka. Kosa lilikuwapo tangu mwanzo. Nimelipanua tu lionekane. Suluhisho la kweli liko kwenye hifadhidata: safu ya ufunguo isiyokubali marudio, na ufunguo uandikwe pamoja na oda ndani ya muamala mmoja, yaani viingie vyote au kisiingie hata kimoja. Ombi la pili likija linakataliwa na hifadhidata yenyewe, na kodi inalirudishia jibu la mwenzake. Usingizi nauacha palepale, natuma tena yale mawili. Oda moja.

Maandalizi mengine ni ya kawaida. Kila kitu kinaendeshwa kwenye 127.0.0.1, yaani kompyuta yangu mwenyewe, na vifurushi vyote nimeshavipakua, maana wifi ya ukumbi wenye mamia ya watu si ya kuwekea dhamana. JSON (data ya oda iliyopangwa kwa maandishi) ikiwa ndefu sichapi. Ipo kwenye faili, naituma kwa curl -d @oda.json. Kila hatua ina tagi yake (alama ya kuirudia) kwenye Git, programu ya kutunza matoleo ya kodi, na nikikwama dakika nzima naruka hatua inayofuata bila kuomba radhi ndefu. Kosa likitokea nalisoma kwa sauti, neno kwa neno, na mara nyingi mtu wa safu ya mbele analiona kabla yangu.

Halafu kuna tokeni, ile namba ya siri inayokuruhusu kuingia kwenye huduma. Niliwahi kufungua faili la mipangilio mbele ya kamera inayorekodi, tokeni halisi ikiwa wazi kwa herufi kubwa. Niliibatilisha palepale jukwaani, nikatengeneza nyingine huku watu wakicheka, na ndicho kipande pekee cha siku ile ambacho watu bado wananikumbusha.