Je, wajua kwa nini tovuti ya Makerere haionyeshi kazi zote za Makerere?

Fungua ukurasa wa ajira wa Chuo Kikuu cha Makerere siku yoyote ya kawaida, huenda ukakuta matangazo mawili matatu, mengine muda wake umeshapita. Wahitimu wengi wa Kampala huishia hapo na kutoa hukumu: nafasi zimeshagawanywa, usiyejuana na mtu usijisumbue. Kujuana kupo, tusidanganyane. Ila hakuelezi kwa nini ukurasa ni mtupu. Jibu liko kwenye swali ambalo watafuta kazi wachache hulianza nalo: mshahara analipa nani?

Kazi za chuo chenyewe zina njia moja. Sheria ya mwaka 2001 inakipa kila chuo kikuu cha umma bodi ya uteuzi iliyo chini ya baraza la chuo. Bodi hiyo huajiri wahadhiri na maofisa kwa nafasi zilizomo katika muundo ulioidhinishwa, na fedha nyingi za mishahara hiyo hutoka serikalini. Kiti kuwa wazi hakutoshi. Mshahara wake lazima uwemo kwenye bajeti, la sivyo tangazo halitoki. Likitoka hutambulika upesi: lina ngazi ya mshahara inayoanza na herufi M. Lile la "waombaji wa ndani" nalo, linaloudhi watu sana, mara nyingi ni la kupandishana vyeo, wala halikunyang'anyi chochote.

Utafiti ni habari nyingine kabisa. Chukua jengo la maduka pale Kikuubo: jina la jengo ni moja, lakini kila mwenye duka huajiri muuzaji wake, na ukimwuliza mwenye jengo kama kuna kazi atakujibu hakuna, bila kusema uongo. Mradi wa utafiti una mfadhili wake, bajeti yake na mtafiti mkuu wake, na mara nyingi hutangaza kwa jina lake. Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza ni mali ya Makerere, lakini ina idara yake ya utumishi na tovuti yake. Anayesubiri kazi zake zitokee kwenye ukurasa wa chuo atasubiri sana.

Huko ndiko ziliko kazi za mratibu wa utafiti, muuguzi wa mradi, msimamizi wa data, mtaalamu wa maabara, hata dereva. Entebbe kuna kioja zaidi. Kituo cha utafiti kilichoko pale kwenye Taasisi ya Utafiti wa Virusi ya Uganda kiko chini ya chuo cha afya cha London tangu 2018. Kazi iko kando ya ziwa Victoria, mwajiri yuko Uingereza.

Kwa hiyo anza na miradi: angalia nani amepata ufadhili karibuni katika fani yako, kisha fuata ukurasa wake. Ukiwa na shahada ya nje ya Uganda, uliza mapema kuhusu kuilinganisha katika Baraza la Taifa la Elimu ya Juu, maana hilo halifanyiki siku ya mwisho ya maombi. Na soma tarehe ya kumalizika kwa mradi kabla ya kusoma mshahara. Mkataba wa mradi kwa kawaida hauvuki ufadhili wake, ndiyo maana wafanyakazi wengi wa miradi husoma matangazo ya kazi wakiwa bado kazini.